Tima Baada ya Eda

Soko la Mwingi lilikuwa limefurika watu siku Tima alipotoka nyumbani kwa mara ya kwanza tangu eda yake iishe. Miezi minne na ushei alikaa ndani akimlilia mumewe, bila wanja, bila manukato, bila kusikia sauti ila za watu waliokuja kumnong'onezea pole. Leo alivaa buibui lake lililopauka, akiwa na hamu ya mambo madogo madogo. Alitaka kupigiwa kelele na mtu wa mkokoteni, aulizwe alikopotelea, agombane na mtu juu ya vitunguu.

Katunge, muuza mboga, hakumvunja moyo.

"Wewe mama, usifinye nyanya zangu kama hununui."

"Nanunua. Lakini hizi zimelala."

"Zimelala wapi? Zimetoka shamba asubuhi hii."

Tima akacheka. Alikuwa hajajisikia akicheka siku nyingi, na kicheko kilimshangaza yeye mwenyewe. Alilipia nyanya, akaziacha hapo kidogo ili azunguke, na alipogeuka akakutana uso kwa uso na Rashid.

Rashid alikuwa amehamishia meza yake ya nguo karibu na mboga, na Tima hakuwa na habari. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, futi ya fundi ikining'inia shingoni. Zamani Tima hakuweza kununua hata leso kwake bila ubishi, na marehemu mumewe alikuwa akisimama pembeni akiwacheka wote wawili.

Tima akashika dera la manjano lenye maua mekundu. "Hili bei gani?"

Rashid akatazama chini. "Chukua tu, dada."

"Nimeuliza bei."

"Hakuna bei. Mungu akupe subira."

Tima akangoja, labda ni utani. Haukuwa utani. Akalikunja dera, akalirudisha mezani na kuondoka.

Kaka yake Fahim alikuwa tayari kuja Ijumaa na lori kumhamishia Malindi, mradi tu Tima akubali. Tima alikuwa hajajibu, na tukisema ukweli, aliyemzuia ni Rashid. Kule ndani, kila alipoliwaza soko alimwona mtu huyo akiapa kwamba kitambaa hakichuji, na kitambaa kinachuja. Sasa hata huo uongo alinyimwa. Alimpigia Fahim palepale akamwambia aje, kisha akarudi kwa Katunge kuchukua nyanya zake na kumuaga.

Katunge si mtu wa kuweka jambo kinywani. Alimwendea Rashid mezani kwake.

"Umenifukuzia customer. Anahamia Malindi kabisa."

"Mimi? Mimi nilimheshimu."

"Heshima gani? Umemwongelesha kama kaburi."

Alasiri hiyo simu ya Tima ikalia.

"Nani?" aliuliza, ingawa jina alikuwa ameliona.

"Ni Rashid. Dera lako limebaki huku."

"Si langu. Sikununua."

"Tima, nimekukosea nini?"

"Nimekaa humu ndani nikiongea na sufuria. Natoka, nikitegemea wewe angalau utanisumbua kidogo, unaniambia Mungu anipe subira. Subira ninayo, Rashid. Imejaa nyumba nzima."

"Niliogopa."

"Nini?"

"Watu waseme nilikuwa nangoja eda iishe."

"Kwani ulikuwa unangoja?"

"Ndiyo."

Tima akaketi kitandani. "Na hukupiga simu hata moja."

"Ningepiga niseme nini? Nina maneno kama hayo moyoni, na wewe uko kwa eda. Haifai."

Hilo Tima hakuwa amelifikiria. Kimya kilichomchoma miezi yote hiyo kumbe kilikuwa adabu. Alijiona mjinga kwanza, kisha furaha ikampanda hadi akahofia atacheka kwenye simu.

"Sasa nimetoka," alisema.

"Nimekuona. Ulipendeza hata na hilo buibui limeisha rangi."

"Usianze matusi."

"Si ulitaka usumbuliwe?" Sauti yake ikashuka. "Tima, nataka kukuoa. Kwa simu si vizuri, najua, lakini nimeshasema. Niambie niongee na nani."

Tima hakumjibu siku hiyo. Asubuhi alienda kununua maziwa, ingawa maziwa yalikuwepo, akachukua njia ndefu akisalimiana na kila mtu, hata mama mmoja ambaye hakuwahi kupatana naye. Wengine walimpa pole, wengine walimuuliza mbona amekonda hivyo. Yote yalimfurahisha. Aliporudi alimwambia Rashid ndiyo, halafu akampigia kaka yake.

"Lori nimeshapata," alisema Fahim.

"Lirudishe, kaka. Wewe njoo, lakini ubebe kanzu."

"Kanzu ya nini?"

"Ya kuniozesha."