Pasi Mbili

Mkoba wa kitambaa ulikuwa juu ya kitanda, zipu wazi, mtupu.

Inspekta Felicitas alikagua kitasa cha chumba hicho cha gesti. Hakikuvunjwa. Mgeni, Bi Nusaiba, mwanamke mzee asiyeona aliyetoka Moroni, alikaa kitini, mikono magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kilichoibwa?"

"Dola. Za upasuaji wa mjukuu wangu. Nisipolipa leo jioni, nafasi anapewa mwingine. Nimekwenda bafuni, kurudi hamna."

"Nani alijua unazo?"

"Kijana wa mapokezi. Nilitaka kulipia chumba kwa kadi, akasema mashine haina mtandao, nitoe keshi. Nikafungua mkoba palepale kaunta."

Kijana huyo aliitwa Brightson. Felicitas aliingiza kadi yake mwenyewe kwenye mashine. Ikaisoma mara moja.

"Mtandao umerudi leo, afande," alisema Brightson, akacheka peke yake.

Funguo za akiba zilikaa stoo. Tabu, mfanya usafi, alimwongoza Felicitas huko. Juu ya meza palikuwa na pasi ya umeme. Felicitas aliigusa, akarudisha mkono haraka.

"Shuka mnapiga pasi?"

"Thubutu. Bosi anasema inakula umeme wa luku. Mie nazikung'utaga tu, nakunja."

Felicitas akapaza sauti kuelekea kaunta. "Brightson, pasi hii ya nani?"

"Ya kwangu, afande. Halali kabisa. Wamenipa uhamiaji wiki iliyopita."

Tabu alijiziba mdomo kwa khanga. "Heh. Siku hizi uhamiaji wanagawa pasi za kunyooshea nguo?"

Felicitas akarudi kaunta. "Hebu niione hiyo ya uhamiaji."

Brightson alichelewa kuinama. Inspekta akalichukua begi lake chini ya kaunta. Pasi ya kusafiria ilikuwa humo, na katikati yake dola, zimenyooka kama hazijawahi kushikwa.

"Zangu. Nimenunua duka la fedha."

"Risiti?"

"Imepotea."

Bi Nusaiba aliletwa. "Mimi hukunja pembe," alisema. "Mia, pembe moja. Hamsini, mbili."

Noti za dola zina ukubwa mmoja, na hizi hazikuonyesha mkunjo wowote. Felicitas akazichanganya, akampa mojamoja. Mzee alipitisha kidole pembeni, taratibu.

"Mia. Hamsini. Hamsini. Mia."

Hakukosea hata moja. Tabu aliacha kutafuna bigijii.

Kisha kidole kikasimama. Bi Nusaiba akazungusha noti, pembe zote nne, akairudisha.

"Hii si yangu. Haijakunjwa."

Brightson akaketi sakafuni.

"Hiyo ni ya kwangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hiyo moja tu."

"Na nyingine?"

"Nimeziiba. Nakwenda Guangzhou kufuata mzigo. Kadi sina. Wakala kaniambia gesti za kule, bila dola safi, unalala nje. Niliogopa kulala nje nchi ya watu."

"Pasi ya nini?"

"Za mikunjo maduka wanakataa. Nimezipitishia moto mara tatu." Alimtazama mzee. "Bibi, umezijuaje?"

"Umezinyoosha, mwanangu. Mkunjo umeuacha."

Picha za vielelezo zilipigwa, Bi Nusaiba akakabidhiwa dola zake awahi hospitali. Felicitas alibakiza kidogo noti ya mwisho ya bibi. Alifumba macho, akapapasa pembe moja, kisha nyingine.

Kwake ilikuwa karatasi tu. Akampa mzee noti yake kwa mikono miwili.