Fundi Saa Aliyeficha Presha

Asubuhi ile wodini, fundi saa alikaa kitandani akichezesha miguu kama kijana anayesubiri mpira uanze. Alikuwa anasubiri kufanyiwa upasuaji wa ngiri.

Mkewe alimtazama, akakumbuka kibanda chao cha zamani. Meza nyembamba, saa za ukutani kila moja na mwendo wake, na mumewe mwenye homa kali akitengeneza saa ya mteja. "Mimi mzima," alisema siku ile, huku meno yakigongana. Enzi zile mkewe alimwona shujaa.

Mtaalamu wa dawa za usingizi akaingia. Alikuwa dada mwenye sauti ya upole. Kwanza alimsogezea mke kiti.

"Shikamoo, baba. Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Marahaba, mwanangu. Dawa ya nini? Mimi chuma!"

Mke akashtuka. Vidonge vya presha vilikuwa nyumbani, juu ya kabati. Siku tano mumewe hakumeza hata kimoja. "Wakijua nina presha watanirudisha," alikuwa amemwambia. "Kaa kimya, mama watoto."

Mke akamgeukia mtaalamu. "Mwanangu, huyu ana presha. Ameacha dawa."

"Umeniuza mchana kweupe!" fundi akang'aka.

"Nani angekununua na ngiri hiyo?"

Mtaalamu akacheka, akampima. Presha ilikuwa juu mno.

"Baba, njia za kumlaza mgonjwa ni nyingi," alisema. "Dawa ya mshipani hulaza haraka, lakini ikiingia kwa kasi, presha inaweza kuporomoka. Gesi ya kuvuta nayo huishusha. Ipo dawa nyingine hupandisha presha na mapigo ya moyo. Nisipoijua hali yako, nitachaguaje? Presha ikipanda na kushuka ovyo, moyo na ubongo huumia."

"Basi nimekwisha?"

"Hujaisha. Rudi kwenye vidonge, tutakupangia siku nyingine. Na asubuhi ya upasuaji, usimeze dawa wala usiache bila kutuuliza."

Wiki tatu fundi alimeza vidonge, mkewe amesimama mbele yake kama askari.

Siku ilipofika, mke alisubiri kwenye benchi, mabegani amejifunika sweta aliloazimwa na mtaalamu. Hatimaye mtaalamu akatoka.

"Nilimpa dawa ya mshipani kidogo kidogo, kisha gesi kwa kiasi," alisema. "Sikubanduka ubavuni mwake. Mashine ilinionyesha mapigo, presha na oksijeni. Presha ilishuka kidogo, nikairekebisha papo hapo. Njoo umwone."

Fundi alikuwa amefumbua macho.

"Unajisikiaje, mzee wangu?" mke aliuliza.

"Kichefuchefu," akanong'ona. "Na koo linaniuma. Na niliogopa, mama watoto. Tangu siku ya kwanza niliogopa."

"Koo limekwaruzwa na bomba la kupumulia," mtaalamu alisema. "Litapoa."

Mke hakumsikia. Miaka arobaini alikuwa hajapata kusikia maneno kama yale kinywani mwa mumewe. Akavuta kiti, akamshika mkono.

"Haya, niambie na mengine."