Majivu ya Zizi la Novatus

Mnaoishi Dutwa mnalijua zizi la Novatus Luhaga, lile la miiba lililo nyuma ya nyumba ya bati jekundu, ukitoka gulioni kuelekea mashamba ya pamba. Mimi naishi ng'ambo ya njia. Kwa miaka mingi jioni zetu zilikuwa hivi: ng'ombe wanarudi, vumbi linatulia, na mama yake Novatus, Bibi Nyamizi, anatoka na kapu la kinyesi kikavu cha ng'ombe kukoka moto katikati ya zizi. Moshi ukipanda, nzi wanakimbia, ng'ombe wanasogea wenyewe na kulala kuuzunguka. Asubuhi, kabla ya kwenda malishoni, huyalamba majivu yake kwa sababu wanapenda ile chumvichumvi. Bibi Nyamizi alikabidhiwa moto ule alipoletwa pale kuolewa, na mpaka nywele zilipokuwa nyeupe alikuwa hajauacha. Mimi nikiuona moshi wake, najua ni wakati wa kuinjika maji ya ugali.

Haya, sasa nisikilizeni, na msinikatize.

Novatus ni karani wa pamba. Ndiye msomi wa kitongoji chetu, anayewaandikia watu mikataba ya mashamba kwa kompyuta iliyoko sebuleni kwake. Siku moja alirudi kutoka Bariadi mjini na kompyuta mpya, nyembamba, inayong'aa. Mkewe, Specioza, akapika wali, nasi majirani tukaitwa kuja kuiona. Tuliiona, tukaisifu, tukala.

Kwenye kona ya sebule zilikuwa zimerundikwa zile za zamani. Mbili zilikuwa na skrini za kichogo, zimeshakufa. Ya tatu ilikuwa nzima kabisa, ila nzito kuwaka. Pembeni yake palikuwa na UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, nacho kimechoka.

Binti yao, Precious, anayesoma sekondari, ndiye aliyeanza. "Baba, hii inayowaka nipe mimi nijifunzie kuchapa."

"Au tuwape kwaya," Specioza akasema. "Wanaandika nyimbo kwa mkono mpaka vidole vinakufa ganzi."

Mwalimu Lukresia naye alikuwepo. Tunasali naye kanisa moja, na anafundisha shule ya msingi upande wa Sapiwi. Aliweka sahani chini, akamgeukia Novatus kwa heshima zote.

"Kaka Novatus, shuleni kwetu umeme umefika, kompyuta hatuna. Nachora kompyuta ubaoni kwa chaki, watoto wanapita mmoja mmoja wanabonyeza ubao. Ukitupa hiyo nzima utakuwa umetusaidia sana. Hata hizo zilizokufa tutazichukua, wazifungue wajue ndani mna nini."

Bibi Nyamizi alikuwa mkekani anachambua choroko. Aliacha kuchambua ili asikie jibu la mwanawe.

Novatus alicheka. "Mwalimu, mimi ng'ombe wangu akizeeka namchinja, simgawi. Humo ndani kuna shaba. Kuna mpaka dhahabu, jamaa wa machimboni ameniambia. Nikupe bure wewe, mimi nibaki natazama?"

Mwalimu Lukresia akaaga na kuondoka. Wali uliobaki sahanini mwangu nikaurudisha jikoni.

Kesho yake Novatus akachukua shoka. Hakuchagua. Hata ile nzima aliyoombwa na mtoto wake mwenyewe aliipasua. Akavunja vioo vya zile skrini kwa nyundo ili apate shaba iliyozungushwa nyuma. Akaipasua betri ya UPS na kumwaga vilivyomo. Kisha ikabaki kazi ya kuziunguza nyaya ili plastiki itoke, na hapo ndipo uchoyo ulipomwonyesha njia. Kwa nini anunue mkaa, na moto wa mama yake upo pale zizini kila jioni?

"Ng'wanone," Bibi Nyamizi alimwambia, maana ndivyo mama wa Kisukuma anavyomwita mwanawe, "huo ni moto wa ng'ombe."

"Mayu, moto ni moto tu," akajibu, na kutupia mzigo wake.

Jamani, moshi ule! Mweusi, mzito, una utamu mbaya unaokwama kooni na haushuki. Nguo nilizoanika zikawa na madoa ya masizi. Ugali ulinuka, maji ya mtungini yalinuka, mpaka mto wangu wa kulalia. Nilivuka njia nikiwa nimejifunika pua kwa khanga.

"Mwadila, Novatus," nikamsalimu. "Kinachonuka hivi ni nini?"

"Hela hiyo, dada Mektilda," akasema akichekelea. "Zoea."

Nilimwambia anyamaze na hela zake zinazonuka kuliko kibudu, nikarudi kwangu. Yeye akaendelea, jioni baada ya jioni, mpaka rundo likaisha. Nyaya za shaba alizitia kwenye kiroba. Dhahabu hakuiona. Mabaki yote, vioo, vitufe vya kibodi na vile vipande vya betri, aliyasukumia majivuni kwa mguu, akaona amefanya usafi. Bibi Nyamizi akaendelea kuwasha moto juu ya takataka ile kwa sababu pale ndipo mahali pake. Alikohoa sana siku hizo, na macho yake yakawa mekundu kama pilipili. Naomba mkumbuke yalikoupata wekundu huo.

Aliyetangulia kuugua ni mtamba mmoja mweupe. Alianza kusaga meno, akawa haoni, anatembea kwa kuzunguka na kusukuma kichwa kwenye miiba ya zizi mpaka damu inamtoka usoni. Akaanguka, povu mdomoni, akafa. Akafuata mwingine. Mwenye ng'ombe kuona hivyo ni uchungu, na siwezi kusema Novatus hakulia. Alilia. Lakini alipofuta machozi hakwenda kutazama ng'ombe wake wanalamba nini. Alikwenda kwa mganga.

Mtu mwenye kompyuta mpya sebuleni! Mtu anayetuandikia mikataba! Alirudi kutoka huko na wanaume kadhaa wa kitongoji nyuma yake, wakasimama uani wamekunja mikono. Bibi Nyamizi alikuwa anajaza kapu lake la moto.

"Mayu, mganga ameniuliza swali moja tu," Novatus akasema. "Moto wa zizi anawasha nani?"

"Si mimi? Unauliza kitu unachokijua?"

"Basi. Ng'ombe zangu umezifanya nini?"

Kapu likamponyoka bibi wa watu. Alimtazama mwanawe, halafu wale wanaume, akaelewa.

"Tazameni macho yake," mmoja akasema.

"Macho haya yametiwa wekundu na moshi wa huyu huyu," Bibi Nyamizi akajibu. Hakuna aliyesikiliza.

Huku kwetu mnajua, wala tusijifanye hatujui, nini kinachoweza kumpata kikongwe mwenye macho mekundu akishanyooshewa kidole namna ile. Wengine hawakuiona asubuhi. Specioza alilia akimshika mumewe mkono, mume akamsukuma. Nikampigia simu Salu, mdogo wake Bibi Nyamizi anayeishi Mwamapalala, aje amchukue dada yake upesi. Alifika mchana wa siku ya pili. Mimi ndiye niliyebeba kapu la nguo mpaka kituo cha basi. Njiani wanawake tuliokwenda nao kuchota maji maisha yetu yote walitema mate pembeni, wakawavuta watoto wao wasimsalimie. Wanawake ambao bibi huyo huyo aliwapokelea watoto wao walipojifungua! Mpaka leo nikikutana nao gulioni natazama kando.

Basi likawasha injini. Ndipo bibi akaniuliza, "Mektilda, wewe pia unaniogopa?" Nikamwambia hapana, mayu. Akanishika mkono na kupanda.

Alipoondoka, ng'ombe wa tatu akaanza kusaga meno. Mchawi ameshahamishwa, na ng'ombe bado anasukuma miiba kwa kichwa! Novatus akanoa kisu, amchinje upesi kabla hajafa, nyama apeleke gulioni tuile sisi. Hapo Specioza alichoka. Akampigia simu Masunga, daktari wa mifugo wa kata, bila kumwomba mume ruhusa.

Masunga alifika kwa pikipiki, ng'ombe ameshakufa. Akakataza nyama isiguswe, akavaa glavu na kulipasua tumbo mbele yetu. Nisameheni wenye roho nyepesi. Harufu ilitoka, nzi wakatua, na daktari akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akatoa mchanganyiko wa majani na majivu. Akauosha kwa maji ya ndoo, ukabaki kiganjani mwake mchanga wa vioo, vipande vya kijivu, vizito, na kitufe kimoja cha kibodi kilichoyeyuka upande.

"Hivi ni vya betri," akasema. "Ni madini ya risasi, sumu kali kwa ng'ombe na kwa mtu. Inapanda kichwani, ndiyo maana walipofuka. Nani anachoma betri zizini?"

Macho yote yakamgeukia Novatus. Masunga akaenda kwenye majivu, akachokoa kwa kijiti, vikatokea vipande vingine kama vile. Wale wanaume waliokunja mikono juzi wakaanza kukumbuka shughuli zao. Mmoja ana mbuzi wa kufunga, mwingine ameacha pamba nje. Waliondoka bila kuaga, na nasema wazi kwamba waliniudhi kuliko lile tumbo lililopasuliwa.

Precious aliokota kile kitufe, akakisafisha kwa gauni lake na kukiweka mbele ya baba yake. "Hii ndiyo niliyokuomba, baba," akasema. Akaingia ndani.

Dagashida, lile baraza letu la kitongoji, ilikaa wiki hiyo hiyo. Wazee wakamwambia Novatus kwamba mwana aliyemsingizia mamaye uchawi analipa dume la ng'ombe na kwenda kumwomba radhi kwa mdomo wake. Alikubali. Tukasafiri naye hadi Mwamapalala, mimi, Specioza na wazee wawili.

Tulimkuta Bibi Nyamizi uani kwa Salu, anabangua karanga. Macho yalikuwa yameanza kuwa meupe. Novatus alipiga magoti akaomba radhi, na alilia kweli. Mzee mmoja akaeleza habari ya dume.

"Dume la zizi lile silitaki," bibi akasema. "Limelamba yale yale."

"Basi taja unachotaka, mayu," Novatus akasema.

"Nataka kile kipya."

Novatus akashtuka. "Kompyuta? Mayu, hata kuiwasha hujui."

"Sijui. Yule mwalimu anayechora ubaoni anajua. Mpelekee. Alikuomba iliyochakaa ukamcheka, sasa mpe mpya."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, maana anayelipwa faini ndiye anayejua itamponya nini. Novatus akakubali. "Nitaipeleka kesho. Halafu utarudi nyumbani, mayu?"

Bibi Nyamizi aliweka karanga kando.

"Ng'wanone, nimekusamehe. Lakini kurudi sirudi. Pale uani ulinitazama kama fisi, mimi niliyekunyonyesha. Nikilala nyumba moja nawe, nitakuwa nasikiliza mlango usiku kucha."

Specioza aliangua kilio. Tulirudi Dutwa bila Bibi Nyamizi.

Kompyuta mpya iko shuleni kwa Mwalimu Lukresia, na watoto sasa wanabonyeza kibodi badala ya ubao. Novatus anaandika mikataba kwa kalamu. Majivu yalizolewa na kufukiwa kama Masunga alivyoelekeza, na zizi likahamishwa. Jioni Novatus anajaribu kukoka moto mwenyewe. Hajui kuupanga, unawaka kwa ndimi na kuzimika, moshi haukai, na ng'ombe waliobaki wanasimama mbali wakijipiga mikia kwa sababu ya nzi. Mimi natazama kutoka ng'ambo ya njia, na saa ya ugali inanipita.

FUNZO

Ndugu zangu, tukinunua kipya, cha zamani kisigeuke laana. Kompyuta inayowaka, hata kama ni nzito, ni shule kwa mtoto ambaye hajawahi kuigusa. Mpe mwanao ajifunzie, wape kwaya, peleka shuleni. Iliyokufa mpe fundi achukue vya kurekebishia nyingine, au mpe mwalimu awafungulie wanafunzi. Isiyofaa kabisa iweke pakavu, mbali na watoto na mifugo, hadi umpate anayekusanya vitu hivyo kwa utaratibu. Usiichome. Na betri usiipasue kamwe, wala usiitupe mahali mnyama anapolamba.

La pili nalisema kwa hasira, na sitalipunguza makali. Mfugo wako ukifa, tazama kwanza mikono yako imetupa nini. Acheni kutafuta macho mekundu ya vikongwe waliokaa jikoni na mazizini kwetu wakitulea kwa moshi. Novatus alipoteza ng'ombe, na ng'ombe wengine atawapata msimu wa pamba ukimkubali. Mama yake yuko hai Mwamapalala, anabangua karanga, na hatarudi.