Mama wa Maji Hana Bunduki

"Nanyori, uko wapi?"

"Kazini, shangazi, nashona. Shikamoo."

"Marahaba. Acha cherehani, ukae chini."

"Shangazi, cherehani inashonewa umekaa."

"Usinitanie, mwenzio presha imepanda. Huyo mwanaume wako ana mtoto!"

Mguu wangu ukaganda kwenye pedeli. Sindano ilikuwa katikati ya sketi ya shule ya mtoto wa watu, ikabaki humo humo.

Aliyenipigia ni shangazi Naserian, dada yake baba. Asubuhi hiyo baba alimtuma aende mtaa wa Lemara kwa Nathanael, fundi friji, mchumba wangu. Kwetu Ngaramtoni binti hatolewi hivi hivi. Kabla ya kikao cha mahari shangazi anatangulia kuangalia mwanaume anaishije, analala wapi, nyumba yake ina harufu gani. Kikao chenyewe kilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo.

"Umemwona huyo mtoto?" nikauliza.

"Mtoto sijamwona. Nimeona midoli! Ukuta mzima, kutoka kitandani mpaka dirishani, kaifunika shuka. Nikafunua."

"Shangazi, umefunua vitu vya watu?"

"Nimetumwa kuangalia, ulitaka niangalie dari? Nikamuuliza, hii midoli ya nani? Jasho likamtoka kama kabeba gunia. Akasema, ni ya mtoto, shangazi. Mtoto gani? Akageukia birika. Chai yake nimeiacha mezani, sijainywa."

Akakata simu. Muda huo huo ikaingia meseji ya Nathanael: "Nanyori naomba unisikilize. Sio unavyofikiria." Sikujibu. Nilichomoa sketi ya watu taratibu, nikaikunja.

Mimi nimeishia darasa la saba. Maneno sina mengi, ila macho ninayo. Nathanael nilimpendea mikono. Alileta ovaroli nimbadilishie zipu, akaishika ile zipu mbovu kama mtu aliyeshika kifaranga. Nikasema moyoni, huyu. Na lile shuka nilishaliona siku nilipopita kwake na dada yake. Nilimuuliza kuna nini pale, akasema vifaa vya kazi. Lakini shuka lilikuwa limepigwa pasi. Nani anapigia pasi shuka la kufunikia spana? Sikumuuliza tena. Nilisema nitangoja aniambie mwenyewe.

Sasa kungoja kote kumbe kulikuwa kwa ajili ya mtoto?

Jioni nilimkuta baba ameegemea uzio wa boma, ng'ombe wakiingia. Baba yangu, mzee Efraimu, hata mvua inyeshe, lazima asimame pale awatazame mmoja mmoja.

"Shangazi yako amenieleza," akasema bila kunigeukia.

"Ndiyo, baba."

"Mtoto si kosa. Kumficha ndiyo kosa. Mwambie Jumamosi aje naye. Tumwone, tumbariki, halafu tuzungumze."

"Na asipomleta?"

"Asipomleta, asije."

Kesho yake nikaenda Lemara. Nathanael alifungua mlango macho mekundu, shati kalivaa nje ndani.

"Karibu, Nanyori."

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Naomba ukae kwanza."

"Wa kike au wa kiume?"

"Hakuna mtoto."

"Kwa hiyo shangazi yangu mwongo?"

"Shangazi hajasema uongo. Mimi ndiye niliyemdanganya yeye."

Nikampita, nikalifunua lile shuka mwenyewe.

Jamani. Nilitegemea midoli ya kulaza na chupa ya maziwa. Niliyoyakuta ni mengine kabisa. Watu wadogo, urefu wa kiganja, kila mmoja amesimama ndani ya boksi lake lenye kioo cha plastiki, nyuma yake kumechorwa nyota na meli ya angani. Kuna mpishi na sufuria yake. Kuna mzee ameshika fagio. Kuna mlinzi ana funguo kiunoni, ndogo kama punje za mtama, na kila funguo ina meno yake. Wamepangwa, hakuna hata vumbi. Nikachukua boksi moja, nikaligeuza. Pembe zimenyooka. Gundi ya kiwandani bado ipo.

"Nathanael, mimi nimelea wadogo zangu. Mtoto gani ana midoli yote hii na hajachana hata boksi moja?"

Akainamisha kichwa.

"Ni yangu."

"Yako?"

"Yangu. Mtu mzima na ndevu zangu."

Kicheko kilinifika kooni. Nikamwangalia usoni, nikakimeza.

"Sasa kwa nini ulisema ya mtoto?"

"Shangazi yako kasimama hapo mkono kiunoni, ananipandisha ananishusha. Ningesemaje? Mwanaume mwenye mtoto wa nje bado ni mwanaume, Nanyori. Watamgombeza, watamsamehe. Mwanaume anayenunua midoli wanamwitaje?"

Nilijua wanamwitaje.

"Haya," nikasema, nikakaa kitandani. "Nieleze."

Akaanza kwa kigugumizi. Alikulia mtaa wa Unga Limited, jirani na banda la video. Kulikuwa na filamu ya meli ya angani, yenye sehemu nyingi, jamaa anatafsiri kwa kipaza sauti. Yeye kiingilio hakuwa nacho, alichungulia kwenye tundu la bati. Lakini tundu lilikuwa pembeni, alikuwa anaona upande mmoja tu wa picha.

"Shujaa anakaa katikati. Mimi katikati sikuona. Niliona wanaopita pembeni. Huyu mpishi. Huyu wa fagio. Nikadhani hiyo ndiyo filamu yenyewe!"

"Kwa hiyo ndio unaowatafuta?"

"Ndio hao. Midoli ya mashujaa iliuzwa kila mahali. Hawa waliuzwa kwenye duka moja tu huko ng'ambo, na hata huko watu waliwapita wakaenda kwa mashujaa. Wakakaa kwenye rafu mpaka wakatupwa kwenye kapu la punguzo. Ndio wanakuja kwenye mitumba, au kwenye mabegi ya watalii. Sasa hivi ukiuliza hata huko kwao, hawapatikani."

Alikuwa ameshasahau aibu. Alimtoa mama mmoja, kafunga kitambaa kichwani, mgongoni ana pipa la maji, kamba imepita kwenye paji la uso, vile vile akina mama wa kwetu wanavyobeba kuni.

"Huyu nimemtafuta tangu naanza ufundi. Kwenye filamu anapita mara moja. Bila yeye meli nzima inakufa kiu, na hakuna anayemtaja jina."

Nikautazama ule mkono wake. Ulimshika kama ulivyoishika zipu.

"Mbona huwafungui wapumue?"

"Ukishafungua, boksi halirudi tena lilivyokuwa. Na huyu sitampata mwingine."

Kusema kweli, nilimpenda upya pale pale. Lakini baba alikuwa bado ananingoja.

"Baba anasema Jumamosi uje na mtoto."

Akainua kichwa kama mtu aliyepata dawa.

"Dada yangu ana mtoto. Nitamwazima siku hiyo moja."

"Nathanael!"

"Nitamfundisha kuniita baba."

"Na baba yangu akiuliza mjukuu yuko wapi mwakani?"

"Tutasema yuko kwa mama yake."

"Mama yake yupi? Unataka nianze kumwonea wivu mwanamke ambaye hayupo duniani?"

"Afadhali hivyo kuliko ukoo mzima unicheke."

Nikasimama.

"Sikiliza. Ukija na mtoto wa kuazima, nitasema mbele ya wote kwamba sikutaki. Ukija na hawa, nitakaa upande wako mpaka mwisho. Chagua."

Ijumaa mchana meseji yake ikaingia: "Dada amekubali. Kashamnunulia na viatu."

Nikaandika: "Mrudishie viatu vyake."

Hakujibu. Nilimpigia, simu imezimwa.

Jumamosi baba alivaa koti lake la kanisani. Shangazi Naserian akachukua kiti cha dirishani ili awe wa kwanza kuona. Mimi nilikuwa jikoni na birika. Bajaji ikasimama nje.

"Wamefika!" shangazi akaita. "Philemoni, kaka yake Nathanael, huyo anashuka. Na yeye huyo. Mungu wangu, kambeba! Kumbe bado mchanga!"

Nikaweka birika chini. Nikasogea mlangoni.

"Kamfunika mpaka kichwa," shangazi akaendelea. "Mwambieni afunue, atamnyima hewa!"

Nathanael akaingia, amekumbatia mzigo kifuani. Nikalitambua shuka. Limepigwa pasi.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," baba akajibu. "Mtoto yuko wapi?"

Akaweka mzigo mezani, akafunua. Mpishi, mlinzi, mzee wa fagio, mama wa maji, wote wakatutazama kutoka kwenye plastiki zao.

"Baba, mtoto hayupo. Hajawahi kuwepo. Nilimdanganya shangazi kwa sababu ya aibu, naomba mnisamehe. Hii midoli ni ya kwangu."

Philemoni akaangalia dari. Shangazi akashika shavu.

"Ya kwako? Unacheza nayo?"

"Sichezi nayo, shangazi. Naitazama."

"Anaitazama! Efraimu, umesikia? Afadhali basi angekuwa na mtoto!"

Nathanael akanitupia jicho mara moja. Jasho lilikuwa limemlowanisha kola, lakini alisimama wima, hakufunika midoli yake. Binti hasemi kwenye kikao cha mahari yake, hilo nalijua. Nikaingia na sinia la chai.

"Baba, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Jioni ukiegemea uzio, huwa unawafanya nini ng'ombe?"

"Nawatazama."

"Unataka kuwauza?"

"Nani kasema nauza?"

"Unawakamua?"

"Wa kukamua wapo. Mimi nawatazama tu, naona wote wameru..."

Hakumalizia. Akaangalia meza. Akanyoosha mkono, akamchukua yule mwenye funguo.

"Huyu ulimtoa wapi?"

"Momela, baba. Mgeni alimsahau kwenye gari la watalii, dereva ananijua."

"Na huyu wa sufuria?"

"Tengeru, kwenye mitumba. Alikuwa chini ya mabegi."

"Yale madume makubwa yenye silaha ninayoyaona madukani, mbona hukuchukua?"

"Yale kila mtu anayo, baba. Hawa walipitwa hata kwenye duka lao wenyewe."

Baba akatikisa kichwa polepole.

"Hata mnadani ndivyo ilivyo. Wote wanamkimbilia mwenye mapembe. Yule mtamba amesimama pembeni kimya, ndiye huyo nilimleta mimi, na leo nusu ya boma ni watoto wake." Akamgeuza mlinzi kwenye mwanga. "Anazo funguo kabisa. Angalia, Naserian."

Shangazi hakutaka kuangalia. Lakini jicho lake lilikuwa limeshanasa kwingine.

"Huyo mama," akasema, "kabeba nini?"

"Maji, shangazi. Ndiye anayewanywesha wote ndani ya meli."

"Kwa kamba ya kichwa?"

"Kwa kamba ya kichwa."

"Na kwa nini walimwacha dukani?"

"Hana bunduki."

Shangazi akajigusa paji la uso. Shangazi yangu ni mama aliyepandisha maji na kuni mlima huu tangu akiwa binti. Paji lake la uso lina alama ya kamba mpaka leo, ndiyo maana kilemba chake anakivuta chini.

"Hata mimi sina bunduki," akasema kwa sauti ndogo.

Nathanael akalichukua lile boksi. Nilidhani anamsogezea aone vizuri. Nikaona kidole gumba kinaingia chini ya gundi.

"Nathanael, usi..." neno lilinitoka.

Kraa! Plastiki ikachanika.

Wengine wote mle ndani walisikia boksi limefunguliwa tu. Mimi nilijua amefungua nini. Akamtoa yule mama taratibu, akampangusa kwa kidole, akapiga goti mbele ya shangazi yangu.

"Nilikudanganya, shangazi. Huyu ni wako."

Shangazi akampokea kwa mikono miwili. Akamgusa kamba. Akamgusa pipa.

"Anasimama mwenyewe?"

"Anasimama."

Akamweka kwenye sinia, kati ya sukari na birika. Yule mama mdogo akasimama wima na mzigo wake. Shangazi akavuta kikombe, akanywa chai funda refu, ndipo akamgeukia kaka yake.

"Efraimu, unangoja nini? Si mzungumze mambo ya ng'ombe."

Tulifunga ndoa kanisani Ngaramtoni, mahindi yalipokwisha kuvunwa. Shangazi alimleta mama wa maji kwenye pochi, akamsimamisha pembeni ya keki, na kila mpiga picha aliyesogea aliambiwa, "Na huyu asikatwe." Pale Lemara shuka tumelitoa ukutani, tunajifunikia. Wateja wa friji wakiingia na kuuliza midoli ya nani, mume wangu anajibu, "Yangu," na ananawa mikono kwanza kabla hajawaonyesha.

Jana Jumatano nilikuwa kwenye cherehani. Simu ikalia.

"Nanyori, uko wapi?"

"Kazini, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa chini."

"Nimekaa."

"Niko Tengeru, kwenye mitumba. Nimemkuta mmoja kazama chini ya viatu, anasukuma toroli. Boksi limebonyea pembe, lakini hajafunguliwa. Nimemwangalia mbele na nyuma, hana bunduki. Mwulize mumeo, ndiye?"

Nathanael alikuwa ameniletea chakula. Nilipomtajia toroli, kijiko kilibaki hewani.

"Mwambie asimwachie mtu!"

"Shangazi, anasema usimwachie mtu."

"Nimwachie nani?" akajibu. "Nilishamfunika na kanga yangu tangu nafika."