Njue Hajamaliza Kazi

Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine pale Kinoru. Nilikuwa nimefua na kuanika, uji unapoa dirishani, binamu yangu Gitobu alipobisha mlango wangu akiwa amevaa shati safi. Shati safi, asubuhi, Gitobu! Nilidhani kuna harusi.

Tulikuwa mwaka wa nne sote wawili, tukisomea digrii ya uhandisi wa programu za kompyuta katika chuo kimoja cha Meru. Nasema "tukisomea" kwa heshima ya mama yake, shangazi yangu Ciakuthii, aliyekuwa akichuma majani chai kwenye mvua ili mwanawe awe mhandisi. Ukweli ni kwamba mimi nilisoma, Gitobu alihudhuria. Alinakili mazoezi, alinakili mitihani, na safari moja alinakili kazi ya rafiki yangu Linda akasahau kuondoa jina la Linda. Na bado alitembea kifua mbele, vipokea sauti shingoni, akiwaita wazazi wetu "watu wa jembe".

Mtu aliyemnakili zaidi alikuwa Njue. Njue alitoka Siakago, kule chini Mbeere kwenye joto. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye maneno machache, aliyeandika kwa mkono wa kushoto. Kwa mradi wake wa mwisho alikuwa akitengeneza programu ya kutambua nyuso. Kamera inaangalia darasa, inachora mraba kuzunguka kila uso, kisha inaandika jina la mwenye uso. Hakuimaliza. Likizo ya Desemba homa ya mapafu ilimchukua. Darasa zima tulishuka Siakago kumzika. Gitobu alibaki Kinoru kutazama mpira.

"Nataka kumpa mama yake pole," aliniambia mlangoni. "Sikufika matanga. Roho inanisumbua, Kawira. Wewe nionyeshe njia tu."

Roho ya Gitobu kusumbuka! Nilicheka. Lakini pole ni pole. Nikavaa viatu.

Mama Njue, jina lake Rwamba, tulimkuta uani akipeta ndengu. Alitutolea viti, akatuletea maji. Gitobu hakusubiri hata kikombe kiishe.

"Mama, chuo kimenituma. Ile laptopu ya Njue ni mali ya chuo. Inatakiwa."

"Mimi sijui habari hizo, mama," nikasema papo hapo. "Njue aliinunua mwenyewe. Alichuma muguka, ile mirungi ya kwao, likizo nzima."

Gitobu akachomoa kitambulisho chake cha mwanafunzi, akampungia mama wa watu usoni kama askari wa trafiki. Rwamba alimtazama, akanitazama mimi, kisha akaingia ndani. Alitoka na laptopu imefungwa kwa leso.

"Njue hajamaliza kazi yake," alisema. "Aliizungumzia mpaka pumzi ya mwisho. Kama unasema chuo kinaitaka, mimi ni nani nikatae. Lakini kwetu kitu cha marehemu hakinyakuliwi, kinaombwa. Zunguka nyuma hapo kaburini. Mwambie unakwenda kukifanyia nini. Halafu ndiyo ufungue."

"Mama, marehemu hasikii," Gitobu akasema, akicheka peke yake. "Na simhitaji. Nina fundi wa paswadi mjini."

Rwamba hakukasirika. Alimtazama jinsi alivyokuwa akizitazama ndengu zilizotobolewa na wadudu.

"Haya," akasema, na kurudi kwenye ungo wake.

Tulipofika Kinoru aliweka laptopu juu ya meza yangu bila kuuliza, akaifungua. Njue alikuwa ameiwekea kufuli yake mwenyewe. Haikutaka paswadi. Ilitaka kuuona uso wake, na uso mwingine wowote ilikuwa ikiukatalia. Sisi wote darasani tulishajaribu kwa mzaha, hakuna aliyefaulu.

Gitobu aliinama mbele ya kamera, akatoa ulimi kama mtoto.

Ikafunguka.

"Umeona?" alisema. "Hata mashine inamjua bosi."

Nilikiangalia kioo. Katikati palikuwa na neno moja la salamu, lile Njue alilojiandikia, na chini yake jina la Njue mwenyewe.

Wiki zilizofuata Gitobu alibadilika, na mimi kwa kumdharau nilidhani ni woga wa mtihani. Alianza kufika maabara mapema. Alikaa kiti cha pembeni karibu na dirisha, kile ambacho tangu Desemba hakuna aliyependa kukikalia. Vidole vyake vilikimbia kwenye kibodi bila kusita. Mtu ambaye hakuwahi kuandika mistari kumi bila kuuliza jirani!

Nilisimama nyuma yake. Msimbo wa ile programu ya Njue ulikuwa safi, umepangwa vizuri kuliko wangu.

"Hii sehemu inafanya nini?" nikamuuliza.

Aligeuka. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa.

"Sehemu gani? Manze, sijui. Inatoka tu."

Mchana huo tulikula pamoja kibandani. Aliagiza githeri, akashika kijiko kwa mkono wa kushoto, akala. Mkono wa kulia ulilala mezani, umekunjamana, kama glavu iliyovuliwa. Hakuutazama hata mara moja.

"Gitobu, mkono wako."

"Una nini?"

Mwenye kibanda alikuwa ameacha kuosha sahani, anatutazama.

Siku ya kutetea miradi ilifika. Ilikuwa asubuhi yenye jua kali, madirisha yote wazi, wanafunzi wamejaa. Mbele waliketi wahadhiri watatu, wakiongozwa na Daktari Thuranira, wasomi waliomfundisha Gitobu miaka minne bila kugundua kuwa hajui kitu. Hawakuuliza programu ya marehemu imefikaje mikononi mwake. Nilipojaribu kumwambia Daktari Thuranira kabla ya kikao, alinijibu kuwa wivu ni kitu kibaya, hasa kwa jamaa.

Gitobu aliwasha projekta. Kamera ikageukia chumba. Ukutani tukajiona sote, na miraba ikaanza kujichora. Linda. Kawira. Thuranira. Hakuna jina lililokosewa. Watu wakapiga makofi.

"Safi sana," Daktari Thuranira akasema. "Hebu simama mbele nawe ikutaje."

Gitobu akasimama mbele ya kamera, akatabasamu.

Hakuna mraba.

Akasogea. Akainua kidevu. Programu ilitutaja sote tuliokuwa nyuma yake. Yeye haikumwona.

Kisha mraba ukajichora. Haukuwa usoni pake. Ulikuwa kando ya bega lake la kushoto, hewani, pasipo na mtu. Ndani ya mraba ulionekana ukuta mtupu. Chini yake paliandikwa: NJUE.

Makofi yalikufa.

"Hitilafu ndogo," Daktari Thuranira akasema, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Mraba ukasogea. Polepole. Ukagusa sikio la Gitobu. Tabasamu likamtoka. Alijaribu kurudi nyuma. Miguu haikumtii.

"Kawira," akaninong'oneza. "Kuna mtu hapa."

Mraba ukamfunika uso. Ukatulia.

Naye akatulia.

Alichukua kalamu ya ubao kwa mkono wa kushoto. Akaanza kueleza. Alieleza programu nzima, mstari kwa mstari, kwa sauti ya chini ya mtu mwenye maneno machache. Wahadhiri waliuliza maswali magumu. Akajibu yote. Nyuma yangu Linda alikuwa akilia bila sauti, maana sauti ile aliijua. Sote tuliijua.

Walimpa alama za juu kuliko wote. Wasomi!

Nje kwenye veranda nilimwita jina lake. Hakuitika. Nikamshika mkono, ulikuwa moto kama wa mwenye homa. Akaninong'oneza jambo kwa Kimbeere, lugha ambayo Gitobu hakuwahi kujifunza na ambayo aliicheka siku zote.

Aliuliza, "Mama amekula?"

Miaka yote niliyomjua, Gitobu hakuwahi kuuliza hivyo kuhusu mama yake.

Shangazi Ciakuthii alikuja kesho yake. Mwanawe alimsalimia kwa adabu, kama anavyosalimiwa mama wa mtu mwingine, akamuuliza kama ametoka mbali. Shangazi alikaa chini sakafuni. Nilimweleza yote. Hakubishana. Alifunga laptopu kwenye kitenge chake, tukashuka Siakago watatu.

Tuliposhuka kwenye gari, kijana alitangulia. Hakufuata barabara tuliyopita awali. Alikata katikati ya mashamba ya muguka kwa kijia ambacho mimi sikukijua, akiinama chini ya matawi kabla hata hajayafikia. Uani kwa Rwamba hakubisha hodi. Alichukua mtungi, akajaza maji, akauweka kwenye kivuli cha jiko, akaketi kwenye kigoda.

Rwamba alisimama mlangoni. Mkono wake ulikuwa mdomoni.

Shangazi alipiga magoti kwenye vumbi. "Mama Njue, tumekurudishia mali yako. Tunaomba mtoto wetu."

"Mtoto wenu yupi?" Rwamba akauliza. "Aliyenidanganya kwa jina la chuo? Aliyecheka kaburi la mwanangu?" Aligeuka akamtazama yule kijana, sauti ikashuka. "Wangu amerudi nyumbani. Mnataka nimfukuze ili nyinyi mrudishiwe kile?"

Kile. Hivyo ndivyo alivyosema. Shangazi alilia, magoti bado vumbini.

Rwamba alipakua ndengu na chapati. Kijana alikula kwa mkono wa kushoto, kichwa chini. Rwamba aliketi karibu naye, akimpangusa jasho shingoni kwa ncha ya leso, akimwangalia kila tonge. Kuku walikuwa wakidonoa. Redio ya jirani ilikuwa ikiimba. Kila kitu kilikuwa cha kawaida, na ndiyo sababu nywele zilinisimama.

Alipomaliza, Rwamba akamuuliza taratibu, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Umechoka?"

"Nimechoka sana."

Rwamba alifumba macho.

"Basi nenda kalale."

Kijana akainuka. Akazunguka nyuma ya nyumba. Tulimfuata. Alilala chini kando ya kaburi, ubavuni, magoti kifuani, kwenye jua la saa saba. Akavuta pumzi moja ndefu. Haikutoka. Shangazi alipiga kelele. Rwamba akamshika bega, akamzuia asimkaribie.

Kisha mkono wa kulia ukacheza. Gitobu akaketi, mdomo umejaa vumbi, akatapika, akauliza kwa Kimeru yuko wapi.

Rwamba hakumtazama hata kidogo. Alimwambia shangazi, "Kichukueni. Sikufanya hivi kwa ajili yake. Wangu amechoka." Akaingia ndani na laptopu yake, akafunga mlango.

Chuoni, Gitobu aliitwa arekebishe jambo dogo tu kwenye nakala ya programu iliyobaki huko. Alikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima, hakuweza hata kusema programu inaanzia wapi. Wakamfukuza. Daktari Thuranira alisema alikuwa amemshuku tangu mwanzo. Nilihitimu, nikapata kazi Embu. Gitobu yuko kwa shangazi, anachuma majani chai kwa mikono miwili, na vijana wa jembe humcheka akipita.

Mwezi uliopita shangazi alinipigia simu. "Njoo umwangalie mdomo."

Nilimkuta Gitobu nyuma ya jiko, ameufunika kwa kiganja. Nilimwomba aufunue, akakataa. Nikamwomba tena. Akafunua.

Kati ya meno yake mawili ya mbele, juu, kumefunguka mwanya. Mpana, ungepitisha punje ya ndengu. Daktari wa meno alisema hakuna jino lililong'oka wala lililovunjika, na meno ya mtu mzima hayaachani hivyo. Alimuuliza shangazi ni nani katika ukoo aliye na mwanya.

Hakuna. Kwetu meno yamebanana kama mahindi gunzini. Mwanya kama ule nimeuona kwa mtu mmoja tu maishani, na mimi ni mmoja wa waliomtupia udongo kule Siakago.