Pale Sauti Inapokatika

Mizanisauti ilipowashwa, chumba kizima kilinyamaza bila kuombwa. Ilikuwa nguzo ya kioo ndefu kuliko mtu, na ndani yake sauti ilionekana kwa macho. Ukiitia wimbo wa filamu, mashine iliuchambua kama wafanyakazi wa mkonge wanavyochambua katani. Nyuzi nyekundu zilikuwa sauti iliyotoka kooni mwa mtu. Nyuzi za kijivu zilikuwa viraka vya kipambasauti, mtambo wa studio ulioweza kumfanya mwenye sauti ya chura aimbe kama chiriku.

Miaka hiyo filamu isiyopambwa ilikuwa adimu. Kila mchezo wa nyimbo uliovuma jukwaani uligeuzwa filamu, na kila filamu ilijaa sura za kupendeza zilizoazimwa sauti. Watazamaji walichoka kudanganywa. Ndiyo maana Tuzo ya Uimbaji ya Tanga ikaleta mizanisauti na kuweka majaji watatu pembeni yake. Mashine ipime, watu waamue.

Tunu Shekivuli alikuwa mmoja wa majaji hao. Kwa miaka tisa alikuwa ameigiza jukwaani kama Mashavu, katika mchezo wa nyimbo wa marehemu Semkiwa kuhusu mwanamke wa mashamba ya katani anayemsubiri mumewe aliyekamatwa siku ya mgomo. Akipita Ngamiani, wauza matunda walikuwa wakimpigia kelele, "Mashavu! Mumeo karudi?" Naye alicheka na kuwapungia mkono.

Kisha mchezo ukageuzwa filamu, na Mashavu akawa Wahida Mbwana, binti aliyejulikana kwa macho yake kuliko koo lake. Mwongozaji alimweleza Tunu kwa upole: "Sauti yako ni ya kujaza ukumbi, dada. Kamera inakaa karibu mno."

Tunu alielewa alichoambiwa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Filamu ilipotoka alikwenda kuitazama akiwa amejitanda mtandio hadi puani. Picha zilielea hewani katikati ya ukumbi, na Wahida alitembea kati ya safu za mkonge akivuta pumzi pale pale Tunu alipozoea kuvuta yake. Kwenye wimbo wa mwisho watu walilia. Mwanamke aliyeketi kando ya Tunu alilia hadi akamshika mkono bila kumjua. Tunu aliuondoa mkono wake.

Tangu siku hiyo, Mashavu wa Ngamiani alikuwa mwingine. Zilitoka hata kanga zilizochorwa macho ya Wahida. Wivu ulimkaa Tunu rohoni kama mwiba wa samaki kooni, haumezeki wala hautemeki. Kwa hiyo alipoombwa kuwa jaji na kuulizwa kama ana kinyongo na mshindani yeyote, alijibu, "Sina." Siku hiyo aliitaka. Alikuwa na hakika kwamba kioo kile kitamwumbua Wahida mbele ya watu, kijivu kitupu tangu mwanzo hadi mwisho.

"Tunaanza na Wahida Mbwana, wimbo wa mwisho," alisema Kachenje, mhandisi aliyeiendesha mizanisauti.

Nyuzi zilianza kupanda. Zilikuwa nyekundu. Tunu alisubiri kijivu. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, kijivu hakikuja.

"Mhandisi, hebu kiangalie vizuri kioo chako."

"Kiko sawa, mama. Huyu aliimba palepale shambani kamera zikiwa kazini. Hakupambwa hata chembe."

Afadhali binti huyu angekuwa mwongo, aliwaza Tunu.

Mstari wa mwisho ulifika, pale Mashavu anapomwambia mumewe, *Nirudishie hata jina*. Jukwaani Tunu alizoea kulivuta neno "jina" mpaka mwisho wa muziki. Wahida alilianza, likamkatikia katikati, na kilichobaki kikatoka kama pumzi tu. Ndani ya kioo uzi ulikatika pia, pakawa na pengo jeusi. Mashine ilitoa alama sitini na moja.

Kama utaratibu ulivyotaka, Kachenje alitia rekodi ya wimbo huohuo ulivyoimbwa jukwaani, ili kulinganisha. Sauti ya Tunu ilipanda, nene, imenyooka, ikalivuta lile neno hadi tone la mwisho. Tisini na saba. Tunu aliinamisha macho ili wenzake wasiuone utamu ule.

Dakta Asteria, mwalimu wa muziki, alimgeukia. "Wewe ndiye unayeujua wimbo huu. Mashine inaliona pengo, lakini haijui maana yake. Pale alipokatika ni kosa, au ndivyo ulivyotungwa?"

Ni Tunu peke yake aliyelijua jibu. Tangu mazoezi ya kwanza Semkiwa alimsihi, "Usilifikishe hilo neno, Tunu. Hapo Mashavu ameshajua kwamba mume harudi. Liache likukatikie." Alijaribu, koo likakataa. Tena, kila alipolivuta lile neno mpaka mwisho, ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi, naye alipenda kuwaona wakisimama. Mwishowe Semkiwa aliacha kumsihi.

"Ni kosa," alisema Tunu. "Pumzi ilimwishia."

Mzee Bakilana, jaji wa tatu, aliyewahi kuwa mpiga picha wa filamu, alikuna ndevu. "Lakini mimi nililia."

"Kulia ni jambo jingine, mzee wangu. Hapa tunapima uimbaji."

Dakta Asteria aliafiki. Tuzo ikaenda kwa mwingine.

Siku chache baadaye Tunu alipigiwa simu na kampuni iliyotengeneza filamu. Alama sitini na moja ziliwaaibisha. Walitaka wimbo wa mwisho tu urekebishwe, sauti ya Tunu iwekwe kinywani mwa Wahida. Wakati huo filamu zote zilikaa katika Hifadhi Kuu moja, na kila nyumba na kila ukumbi ulizivuta kutoka huko. Kilichobadilishwa Hifadhini kilibadilika kila mahali, na cha zamani kikapotea. Tunu alilijua hilo. Alikubali.

Safari hii alikwenda kuitazama bila mtandio. Kinywa cha Wahida kilifunguka na sauti yake yeye Tunu ikatoka, pana na safi, ikalibeba lile neno mpaka mwisho. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyelia.

"Sauti ya Wahida imekuwa nzuri siku hizi," mwanamke mmoja alimwambia mwenzake. "Sijui anafundishwa na nani!"

Tunu alidhani siku ile wivu ungekwisha. Haukwisha. Sasa sauti yake ilikuwa ya Wahida, macho yalikuwa ya Wahida, na makofi pia. La kumchoma zaidi, muziki ulipokuwa ukikaribia mwisho alijikuta amekaza vidole akingojea ile sauti ikatike.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa barazani kwake Chumbageni akichambua mchele, mara Wahida akasimama mlangoni. Hakuwa amejipamba. Alionekana mdogo kuliko kwenye filamu.

"Shikamoo, da Tunu."

"Marahaba. Karibu."

Tunu alimwonyesha kiti, lakini Wahida alikaa mkekani.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nina swali moja tu. Pale niliposita, ni kweli nilikosea?"

Tunu alipepeta ungo. "Nani alikufundisha kukatika pale?"

"Wewe."

"Mimi sijakatika pale hata siku moja."

"Ulikatika mara moja. Onyesho la mchana. Ulikuwa na mafua, ukipenga na kukohoa tangu mwanzo. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi, nimekaa viti vya nyuma kabisa. Ulipofika kwenye 'jina' sauti ikakuponyoka. Da Tunu, nilitoka mle sijui ninaelekea wapi. Nikasema, kazi yangu ni hii, sina nyingine. Baada ya hapo nilirudi mara nyingi, nikingoja ufanye tena. Hukufanya."

Ungo ulitulia mapajani mwa Tunu. Aliikumbuka siku hiyo. Alishuka jukwaani kwa haya, akajifungia chumba cha kuvalia. Semkiwa alibisha mlango, akabisha tena, akiita jina lake. Hakumfungulia. Alidhani amekuja kumlaumu. Semkiwa alifariki mwaka uleule, na Tunu hakuwahi kumwuliza alitaka kusema nini.

"Hukukosea," alisema. "Nilijua hukukosea. Nilikuonea wivu, Wahida, nikasema uongo mbele ya watu."

Wahida aliokota punje moja moja zilizomwagika mkekani na kuzirudisha kwenye ungo.

"Basi unirudishie," alisema mwishowe.

Jumatatu Tunu alikwenda kwa waandaaji wa tuzo na kuwaeleza yote. Walisikitika, wakasema tuzo imeshatolewa. Alikwenda kwenye kampuni, akaambiwa Hifadhi Kuu haitunzi kilichofutwa. Alikwenda kwa Kachenje, naye akasema mizanisauti hubakiza alama tu, sauti haibaki. Ule wimbo ulikuwa haupo tena popote duniani.

"Lakini mwenyewe yupo," alisema Tunu. "Aimbe upya. Kampuni wamesema wakiletewa wimbo wataupokea."

Siku iliyofuata Wahida alisimama mbele ya kioo katika chumba cha majaji. Tunu aliketi pembeni. Nyuzi zilipanda, nyekundu zote, na Tunu alifumba macho. Wivu bado ulikuwemo, aliusikia ukijigeuza ndani yake, lakini alitaka kusikia kuliko alivyotaka kushinda.

*Nirudishie hata jina.*

Neno lilipita moja kwa moja. Halikukatika.

"Pole, niache nirudie," Wahida alisema. Alirudia. Likapita tena, limenyooka. Akalirudia mara ya tatu huku ameshika koo kwa mkono, akijaribu kulizuia, likapita vilevile hadi mwisho wa muziki.

"Siwezi," alisema kwa sauti ndogo. "Tangu siku ile, kila nikikaribia pale naziona zile alama. Koo linajinyoosha lenyewe."

"Tulia kwanza. Tuzime mashine, uimbe hivi hivi."

"Nimeshaimba hivi hivi, da Tunu. Nyumbani, jikoni, bafuni. Haliji."

Kachenje, ambaye macho yake yalikuwa kwenye mizani, aligeuka akitabasamu. "Tisini na mbili! Ungeileta hii mwanzo, dada, tuzo ingekuwa yako."

Wahida alimshukuru. Akachukua mkoba wake, akamuaga Tunu kwa adabu ile ile aliyokuja nayo, akaondoka. Tunu alibaki ameketi mbele ya kioo. Uzi ulikuwa bado unaning'inia mle ndani, mwekundu, mzuri, hauna pengo popote, umenyooka kama wa kwake.