Mazuti Nyekundu ya Mukalay

Mimi ni Adolphine. Tunakaa Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, katika nyumba ya zamani ya kampuni ya mgodi. Ninawasagia watu mahindi kwa mashine yangu. Bwana wangu, Mukalay, ana kamyoneti, gari dogo la kubeba mizigo linalotumia mazuti, yaani dizeli. Analipenda gari hilo kuliko mimi, na ninamwambia hivyo kila siku.

Mwaka 1993 ulikuwa mbaya. Kazi za migodi zilianguka. Halafu watu wa asili ya Kasai, jimbo lingine, wakaanza kufukuzwa katika jimbo letu. Jirani yetu Kazadi alikuwa mmoja wao. Kazadi alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Alitengeneza mashine za mgodi miaka ishirini na miwili. Siku moja wakamwambia: rudi kwenu. Kwenu wapi? Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda.

Gare ya Kolwezi, yaani kituo cha treni, ilijaa watu. Walingoja treni majuma na majuma. Lakini Tshilombo, shemeji yake Kazadi, alifanya kazi ya treni kule Lubudi. Alituma neno: "Nimewashikia nafasi. Treni inapita hapa Lubudi Jumanne, saa kumi ya mchana. Musikose, hakuna nyingine."

Mukalay, anayemwita Kazadi Tata, yaani baba, akajipiga kifua. "Tata Kazadi, mi mwenyewe nitabapeleka Lubudi na kamyoneti!"

Jumanne asubuhi, Kazadi na mkewe Ndaya walifika na watoto wanne na mabegi. Mukalay akawasha gari. Gari likakohoa. Likakohoa tena. Likazima.

"Ulitia mazuti gani?" Kazadi aliuliza.

"Mazuti muzuri! Nilipata pipa muzima, bei ya chini. Inatoka ku mugodi."

Akatuonyesha bidoni, dumu la plastiki. Mawee! Mazuti ilikuwa nyekundu kama mawese.

"Hiyo ni vumbi tu," Mukalay alisema. "Hapa kwetu kila kitu kinakuwa nyekundu. Nguo, miguu, hata mbuzi. Niliiacha siku mbili itulie. Kisha nikaichuja na kitambaa ya Adolphine."

"Kitambaa yangu ya kanisa?" nilipiga kelele.

Kazadi alicheka. Hatukuwa tumesikia kicheko chake tangu siku nyingi.

"Ndugu yangu, hii haiko vumbi. Ni rangi. Batu ba kampuni baliitia makusudi. Mazuti ya mashini ya mugodi hailipiwi kodi ya barabara. Ndiyo sababu banaitia rangi, bote bajue haipashwi kutembea mu barabara. Chuja mwaka muzima, rangi itabakia."

"Na kama nachanganya na ile ya kawaida?"

"Aa wapi! Hata kidogo inaonekana. Ku barieri, pale banafunga njia, basoda, maaskari, banaingiza mupira mu tangi. Bakiona nyekundu, banakamata motokari."

"Na juu ya nini inakohoa?" niliuliza.

"Maji, mama. Ile pipa ililala inje. Mvua iliingia ndani."

Ndaya akakaa juu ya begi. "Basi, treni imetupita," alisema. Watoto wake wakamsogelea.

"Hapana!" Kazadi akakunja mikono ya shati. "Ni saa mbili ya asubuhi tu. Tunaanza sasa hivi!"

Oo, tulifanya kazi! Mukalay alishika mpira ili avute mazuti kwa kinywa.

"Acha!" Kazadi alimzuia. "Mazuti ikiingia mu mapafu inaweza kukuua."

Alifungua kizibo cha chini ya tangi. Nyekundu ikashuka ndani ya beseni. Hatukumwaga hata tone chini, maana kisima kiko karibu.

"Sasa mazuti safi itatoka wapi?" Mukalay aliuliza. Jasho lilimtoka.

Nilikimbia nyumbani. Nilikuwa na bidoni mbili za mazuti safi ya mashine yangu ya kusaga, nilizonunua ku stesheni ya mafuta. Mashine italala juma zima. Ilale! Nikazileta.

Kazadi akaosha tangi mara mbili kwa mazuti safi kidogo. Akatoa filtri, chujio la mazuti. Ilijaa maji na uchafu. Akafungua begi lake, akatoa filtri mpya ndani ya karatasi.

"Nilitaka kuiuzisha kule Mwene-Ditu, mu Kasai, tupate chakula," alisema.

"Weka tu," Ndaya alisema. Alikuwa amesimama tena.

Kazadi akapampu kwa mkono mpaka hewa yote ikatoka. "Washa!"

Gari likanguruma! Watoto wakapiga makofi. Mimi nilicheza katikati ya barabara, sikuona haya.

Ku barieri, kamyoneti nyingine ilikuwa imekamatwa. Wenyewe walikaa chini kando ya mizigo yao. Askari akaja kwetu na mpira wake. Akaingiza, akatoa, akaangalia kwenye jua. Nilishika mkono wa Ndaya kwa nguvu. Mazuti ilikuwa ya manjano kidogo, safi.

"Mupite!"

Tulipofika Lubudi, treni ilikuwa inapiga honi. Tshilombo alikuwa mlangoni, anapunga mikono. Tulikimbia! Mtoto wa mwisho tulimpitisha dirishani. Kazadi alipanda wa mwisho, mikono yake bado inanuka mazuti.

"Mukalay!" aliita toka dirishani. "Mbele ya kununua, unafanya nini?"

"Ninaitia mu chupa, ninaangalia!"

"Ikiwa nyekundu?"

"Ninaiacha!"

"Ikiwa na maji chini?"

"Ninaiacha vilevile!"

Watu wote walicheka. Kisha treni ikaondoka, na mimi nikalia.

Mukalay alimrudishia muuzaji pipa lake. Tangu siku hiyo gari halikukohoa tena. Madereva wa Dilala walimcheka kwanza, na sasa wao pia wanatembea na chupa. Na barua ilifika kutoka Mwene-Ditu: "Tulifika sisi sita, bazima."

Kila mara Mukalay akinunua mazuti, anatia kidogo ndani ya chupa nyeupe inayoonyesha ndani. Anangoja, anaangalia kama kuna maji chini. Kisha anaiinua juu, kwenye jua.

"Iko safi, Tata Kazadi," anasema.

Muuzaji anashangaa, maana yeye haitwi Kazadi.